Umeme wa Inga ulipita juu ya vijiji, akili bandia nayo itapita wapi?

Makamiyo ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi na Fungurume kwenda Likasi yanapita Mulungwishi mchana na usiku. Vumbi linabaki. Familia nyingi bado zinapikia makala.

Kinshasa inasema juu ya akili bandia. Mpango wa taifa wa dijitali wa 2019 ulipewa mwisho wa 2025, na mwaka huo umekwisha. Sheria ya dijitali ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023. Karatasi zipo, basi. Lakini akili bandia inakaa ndani ya chipu, na chipu inataka umeme usiokatika. Watu wa Katanga wanajua habari hiyo: tangu miaka ya 1980 waya wa Inga, kilomita karibu 1,700, unaleta umeme Kolwezi kwa ajili ya migodi, ukipita juu ya vijiji vyenye giza.

Na madini? Taka za Big Hill pale Lubumbashi zinatoa germani, inayotumika katika nyaya za intaneti na katika chipu. Mzigo wa kwanza uliondoka Oktoba 2024 kwenda kusafishwa Ubelgiji. Kobalti nyingi inasafishwa China. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, kisha ikaweka kiwango cha tani 96,600 kwa 2026, na bei ikapanda. Wanaosifu uamuzi huo hawakosei. Ila serikali yenye nguvu ya kufunga mpaka ina nguvu pia ya kudai viwanda vya kusafishia hapa, na umeme wa vijiji kabla ya umeme wa kompyuta.

Sheria ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa utawala wa pale machimbo yalipo. Kijiji kinachopitiwa tu na makamiyo hakimo.

Mama aliyekimbia vita na kufika huku bila makaratasi hahitaji mashine inayoongea. Anahitaji jina lake liandikwe mara moja na lisomeke katika kila ofisi, asianze upya kujieleza kila mlangoni. Kazi hiyo inawezekana leo kwa kompyuta ya kawaida. Na mashine ya Leta ikijua Kifaransa tu, itamrudisha nyumbani kama karani anavyomrudisha. Kabla ya kununua chipu hata moja, wakubwa waseme: majina ya wakimbizi yatalindwa na nani, na katika nchi gani?