Kabla ya Mitungi, Waulizwe Wafiwa

Safu ya Jumapili
Na Rukia Mwinyihaji

Wazamiaji wakipanga safari ya kwenda kuiona nyambizi iliyozama vitani, mazungumzo huanzia kwenye mitungi: gesi gani, kina gani, boti ya nani. Mimi ningeanza na barua kwa wafiwa.

Itazame M24. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1942, nyambizi hiyo ndogo ya Japani, yenye watu wawili tu, Katsuhisa Ban na Mamoru Ashibe, ilipenya bandari ya Sydney. Iliilenga manowari ya Marekani, USS Chicago, ikaikosa. Topedo ikalipukia chini ya Kuttabul, kivuko cha zamani kilichogeuzwa bweni, mabaharia 21 wakafa. Baada ya hapo M24 haikuonekana tena hadi mwaka 2006, wazamiaji saba wa kujifurahisha walipoikuta nje ya fukwe za kaskazini za Sydney, mita 54 chini.

Sheria ikawahi kuliko wachokonoaji. Mahali pale pakapigwa marufuku kuzamia bila kibali, Japani ikashirikishwa, jamaa za marehemu wakapelekwa baharini juu ya kaburi la watu wao, na mchanga uliochotwa kando ya chombo wakakabidhiwa. Hayo yalipokwisha, ndipo baadaye wazamiaji wa kawaida wakafunguliwa mlango: kwa kura, kwa siku chache, kwa kutazama tu. Utaratibu huo ndio ninaoutaka.

Na wasidhani adabu ni pambo la kuongezea mwishoni. Kwenye mita 54 hewa ya kawaida hulevya. Nitrojeni humpanda mtu kichwani akaanza kucheka na kushika visivyoshikwa. Kwa hiyo huchanganywa heliamu, mtu akakaa chini dakika chache, kisha akapanda kwa vituo, muda mrefu kuliko aliokaa chini. Mwenye akili timamu huelea mbali kidogo na bati lililooza, hapigi pezi karibu na mchanga, na kamba ya boya huitia pembeni, si juu ya chombo. Haingii ndani hata tundu likimruhusu: ndani mna watu, na nyambizi hizi zilibeba baruti za kujilipua zisitekwe. Anayerudi na kipande cha shaba mfukoni, mimi namwita mwizi wa makaburi, awe na cheti cha uzamiaji cha daraja lolote.

Najua swali linalonijia. Hawa walikuwa maadui. Heshima yote hii ya nini? Mwaka uleule wa 1942, vita vikiwa motoni, Australia iliopoa nyambizi nyingine mbili za shambulio lile na kuwafanyia mabaharia wao wanne mazishi ya kijeshi. Amiri aliyeamuru hivyo, Muirhead-Gould, alilaumiwa sana na watu wake. Majivu yao yalirudishwa Japani kupitia Lourenço Marques, Maputo ya leo, ambako meli za kubadilishana raia zilikutana.

Swali hilo lina makali yake hata kwetu. Moja ya nyambizi kubwa zilizozibeba zile ndogo hadi Sydney ni I-27. Tarehe 12 Februari 1944 I-27 hiyohiyo iliizamisha karibu na Maldivi meli ya askari Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Kilindini kwenda Colombo. Meli ilizama kwa dakika zisizozidi mbili. Wakafa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari za Uingereza zikaiangamiza I-27 siku hiyohiyo, zikidondosha mabomu ya kina palepale manusura walipokuwa wakielea. Majina ya askari wetu yamechongwa kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Miili ingali baharini.

Siku kamera za kina kirefu zitakapopelekwa huko, na nadhani zitapelekwa, Tokyo itaandikiwa, kwa kuwa nyambizi ni mali ya Japani, na London itaandikiwa. Nataka barua ya tatu iende kwa jamaa za wale wapiga mizinga, ipitie balozi zetu au hata wazee wa vijiji, na iwafikie kabla mtu hajakodi boti. Wakikataa kamera zisishuke, zisishuke.