Tundu Lililoandikwa PHONO

Kwa karibu mwaka mzima baba yangu, pale nyumbani Ujiji, aliamini kwamba sauti ya marehemu mama imeoza. Ndivyo alivyoniambia kwenye simu: "CD imeoza, mwanangu." Ni CD ya harusi ya ndugu zetu. Kwanza ilirekodiwa kwenye kaseti, halafu miaka mingi baadaye kibanda kimoja cha Mwanga kikaihamishia kwenye CD. Humo mama anaongoza wanawake wenzake kuimba, watoto wanalia, mtu anaita mtu aje kubeba sufuria. Hakuna nakala nyingine.

Kabla hujaniambia kwamba hapa tunajadili fasihi na siyo spea za redio, nivumilie kidogo.

Baba ana redio kubwa. Kwa lugha ya dukani ni amplifaya yenye redio ndani yake, imemzidi umri mwandishi wa makala hii, na ilifika kwa treni kutoka Dar ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Mwisho wa reli, kama tunavyojiita watu wa Kigoma, vitu vingi hufika vikiwa vimeshatumika kwingine. Ilikuja na kitabu chake cha maelekezo kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Deki ya CD ilinunuliwa baadaye, mbali na redio. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, maana CD ziliingia sokoni mwaka 1982, na redio hii ilitengenezwa kabla ya hapo. Nyuma yake hakuna tundu lililoandikwa CD. Kuna AUX, kuna TAPE, kuna PHONO.

Mpwa wangu akachukua simu, akaipiga picha ile karatasi ili simu imtafsirie. Spika zikawa "wazungumzaji". Redio yenyewe ikawa "mpokeaji". AUX ikawa "msaidizi". PHONO ikaelezwa kuwa ni mahali pa "kicheza rekodi". Baba akatafakari kama mtu mwenye akili timamu anavyotafakari: CD ni sahani, sahani ni rekodi, nyimbo za harusi zimerekodiwa. Akachomeka PHONO.

Ukitaka kujua kilichotokea, ni hivi. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, millivolti chache tu. Kwa hiyo nyuma ya tundu la PHONO mna sakiti ya ziada inayoukuza umeme huo mara nyingi, inanyanyua besi na kukandamiza sauti nyembamba, kwa sababu santuri hukatwa kinyume cha hivyo. Deki ya CD haihitaji msaada huo. Yenyewe inaweza kutoa hadi volti 2 hivi, mamia ya mara zaidi ya sindano. Ukiipitisha PHONO, muziki unakoroma kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Mama aliyekuwa na sauti nyembamba akawa anaguna. Baba akasikiliza mara tatu, akaizima, akaifunika redio kwa kitambaa cha kufuma.

Mwaka mzima. Nilipokwenda likizo nikamwita fundi wa Mwanga. Hakufungua skrubu hata moja. Alisukuma kabati, akamulika kwa tochi ya simu, akacheka kwa adabu, akahamisha pini mbili, nyekundu na nyeupe, kutoka PHONO kwenda AUX. "Huku anaingia yeyote, mzee," alisema. "Kule ni kwa santuri tu, maana santuri haina nguvu." Sentensi mbili za Kiswahili. Baada ya hapo mama akaimba, na baba akatoka nje kwenda kuangalia mbuzi ambao hatuna.

Sasa niseme nililokuja kusema. Tumezoea kulaumu viwanda kwamba havituandikii Kiswahili. Lawama ni ya haki, lakini viwanda havisomi blogu hii. Wanaoisoma ni waandishi, wahariri, wafasiri, walimu wa lugha. Ni sisi tulioamua kwamba maelekezo ya kifaa ni maandishi ya daraja la chini, kazi ya kumpa mtoto wa shangazi anayejua kompyuta kidogo. Tunagombana miezi mitatu juu ya vina na mizani, halafu karatasi inayomwambia mzee wa Ujiji achomeke wapi tunaiachia simu, nayo inamwambia ana "wazungumzaji" wawili sebuleni.

Na tusijifiche nyuma ya msamiati. BAKITA tunayo tangu 1967. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mafundi nao wana yao: deki, spika, waya, pini, risasi, shoti, lenzi imechoka. Maneno yamejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuyapanga yawe sentensi ambayo mtu aliye peke yake, amepiga magoti nyuma ya kabati, anaweza kuifuata bila kuumia.

Atakayesema hiyo si kazi ya fasihi nitamkumbusha kwamba utenzi tunaouheshimu kuliko nyingi, ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hivi, ni mama anamwelekeza binti yake la kufanya. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, katika Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, alieleza jinsi mambo yanavyofanywa, na leo tunamsoma darasani. Kuelekeza ni kazi ya zamani sana katika lugha hii. Tumeidharau juzi tu.

Nilidhani mimi nitaiweza. Niliporudi Dar baba akapiga simu: redio kimya kabisa, taa inawaka, CD inazunguka. Tukahangaika nusu saa. Kumbe mtoto alikuwa amebonyeza kitufe cha TAPE MONITOR, ambacho huiambia redio iache kila kitu isikilize deki ya kaseti. Deki ya kaseti haipo, kwa hiyo inasikiliza ukimya. Basi nikaandika karatasi moja, nikaipiga chapa, nikamtumia. Miaka kumi na kitu nalipwa kwa kuandika. Nilijiona.

Baba aliisoma akanipigia.

"Umeandika 'bonyeza kitufe'. Nibonyeze mpaka lini?"

Alikuwa sahihi. Kitufe kile kikibonyezwa kinabaki ndani, kikibonyezwa tena kinatoka. Ninachotakiwa kusema si tendo, ni hali: hakikisha kimetokeza nje. Halafu:

"Umeandika spika ya kushoto. Kushoto kwangu nikiwa kwenye kiti, au nikiwa nyuma ya redio?"

Hapo nilinyamaza. Herufi L nyuma ya redio inamaanisha kushoto kwa msikilizaji aliyekaa mbele. Anayechomeka waya yuko nyuma, na kwake huko ni kulia. Nimehudhuria warsha ngapi za nafsi ya msimulizi na mahali anaposimama? Sikuwahi kuulizwa swali hilo kwa ukali namna hiyo.

Toleo la nne ndilo lililobandikwa, na linasema hivi. Kabla ya yote, chomoa redio kwenye soketi. Soma nyuma yake: ikiwa imeandikwa volti 120 au 100 tu, ni ya Marekani au Japani, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma. Sauti inatoka kwenye deki na kuingia kwenye redio: tundu la OUT la deki liende AUX ya redio, pini nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe. Usitumie PHONO. Waya wa spika: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na nyuzi zake zisigusane, zitapiga shoti. Ukigeuza rangi kwenye spika moja, moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na besi itapotea. Washa sauti ikiwa chini kabisa. Geuza swichi kwenye AUX. Kitufe cha SPEAKERS A kiwe ndani. TAPE MONITOR kiwe nje. Pandisha sauti polepole.

Wataniambia CD zimekufa, vijana wana sabufa ya kuchomeka flashi na mambo yamekwisha. Sabufa nayo ina kitabu chake, na hakina Kiswahili bora kuliko hiki cha redio. Pampu ya maji, betri ya sola, mashine ya kupima presha iliyoletwa na mtoto aliye Ulaya, vyote viko kwenye nyumba zetu na karatasi zake ziko kwenye droo, hazijasomwa. Kwenye redio umekosea, unapoteza spika. Kwenye betri ya sola unapoteza paa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri wa hapa ni la wazi: tukihakiki riwaya kumi, tuhakiki na mwongozo mmoja. Tuuchambue kama tunavyochambua sura ya kwanza, tuseme nani anazungumza, na nani, akiwa amesimama wapi. Mimi naanza na wangu. Baba bado ana malalamiko mawili. La kwanza, herufi ni ndogo. La pili, kichwa cha habari nilichoweka, "Kipokezi na Kicheza CD". Amekikata kwa kalamu ya wino, juu yake akaandika: REDIO YA MAMA ZENU.