UCHAMBUZI: Kiharusi kisichongoja uzee

MNAMO Desemba 13, 2006, Seneta Tim Johnson wa jimbo la South Dakota, Marekani, alikuwa akizungumza na wanahabari kwa simu pale ulimi wake ulipokuwa mzito ghafla. Maneno yalikwama na kujirudia. Baadaye siku hiyo alikuwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha George Washington, ambako madaktari walimpasua kichwa usiku huohuo kukomesha damu iliyokuwa ikivuja ubongoni. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Wanasiasa wa Washington hawakuchelewa kupiga hesabu. Chama cha Democratic kilikuwa kimetoka tu kutwaa Seneti kwa viti 51 dhidi ya 49. Iwapo Johnson angefariki, mrithi wake angeteuliwa na Gavana Mike Rounds wa chama cha Republican, pande hizo mbili zingetoshana nguvu, na kura ya kuamua ingekuwa ya Makamu wa Rais Dick Cheney. Kwa majuma kadhaa, mshipa wa kichwani mwa mtu mmoja ulijadiliwa kana kwamba ni uchaguzi mdogo.

Kilichosahaulika katika mjadala huo ni maradhi yenyewe.

Kwa kawaida, damu hutoka moyoni kwa kasi kupitia ateri, huingia katika mishipa myembamba kuliko unywele ambako kasi hiyo hupungua na ubongo kupata oksijeni, kisha hurudi taratibu kupitia vena. Kwa mtu mwenye hitilafu aliyokuwa nayo Johnson, ambayo madaktari huifupisha kwa herufi AVM, ile mishipa myembamba ya katikati haipo. Ateri huungana moja kwa moja na vena katika kitita kilichosokotana mithili ya uzi uliochezewa na paka. Kuta za vena hazikuumbwa kuhimili msukumo huo. Hutanuka mwaka nenda mwaka rudi, na siku moja huenda zikapasuka.

Hitilafu hii ni nadra. Takwimu za mataifa ya Magharibi zinaonyesha kuwa mtu mmoja hivi kati ya kila 100,000 hugunduliwa kuwa nayo kila mwaka. Ikiwa kiwango hicho ni sawa na cha humu nchini, basi miongoni mwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, wagonjwa wapya wangekuwa karibu 500 kwa mwaka. Wengi wao hupata dalili za kwanza kabla ya kutimiza miaka 40.

Uwezekano wa kitita kupasuka katika mwaka mmoja hukadiriwa kuwa kati ya asilimia mbili na nne. Idadi hiyo huonekana ndogo hadi ijumlishwe. Kwa kijana wa miaka 20 anayetarajia kufika 60, hatari ya asilimia mbili kila mwaka hugeuka kuwa zaidi ya asilimia 50 katika kipindi hicho. Ikiwa ni asilimia tatu, hukaribia 70.

Kwa hesabu hiyo, mtu angedhani kuwa jawabu ni kukimbilia upasuaji. Utafiti uliopewa jina ARUBA, uliofanywa katika mataifa tisa, ulitoa jibu tofauti. Ulisimamishwa mnamo 2013 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliotibiwa kwa upasuaji, kwa kuzibwa mishipa au kwa miale walikuwa wakiumia zaidi. Miongoni mwa wagonjwa 223 waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi 33, asilimia 30.7 ya waliotibiwa kwa njia hizo walipata kiharusi au kufariki, ikilinganishwa na asilimia 10.1 ya waliopewa dawa za kutuliza dalili pekee.

Wapinzani wa matokeo hayo, wengi wao wakiwa madaktari wa upasuaji, walikuwa na hoja nzito. Hatari ya upasuaji hulipwa mara moja, mwanzoni. Hatari ya kuacha kitita kilivyo hulipwa maisha yote. Miezi 33 haiwezi kupima miaka 40. Hata matokeo ya mwisho yaliyochapishwa mnamo 2020, ambayo yaliendelea kuunga mkono matumizi ya dawa, hayakuzima ubishi huo.

Humu nchini, ubishi huo ni anasa, kwani unahitaji kwanza mgonjwa ajulikane kabla ya damu kumwagika. Dalili ya mapema aghalabu ni kifafa, maradhi ambayo katika jamii nyingi yangali yakihusishwa na pepo au laana. Mtoto hupelekwa kuombewa, au hupewa tembe za kutuliza degedege kwa miaka bila ubongo wake kupigwa picha hata mara moja.

Siku ya msiba inapowadia, kosa jingine hungoja. Kampeni za afya zimewafunza Wakenya kuhusisha kiharusi na uzee, shinikizo la damu na kisukari, na kwa wagonjwa walio wengi ni kweli. Lakini kijana wa chuo anapoanguka akilalamikia kichwa kinachopasuka, watu hushuku mihadarati au uchawi. Wapo pia wanaomtilia aspirini kinywani, wakiwa wamesikia kwamba huzuia damu kuganda. Damu inapovuja, dawa hiyo huzidisha maafa, na ni picha ya skani pekee inayoweza kutenganisha kiharusi cha kuziba na cha kuvuja.

Hapo ndipo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, inapopaswa kupimwa. Sheria ya 2023 iliunda hazina maalumu ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Hata hivyo, mwenye kifafa kisichoeleweka si mahututi. Anachohitaji ni picha moja mapema, ambayo ni rahisi mno kuliko majuma katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mfanyakazi anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara ana haki ya kuuliza kama hazina hiyo inamjali kabla ya kuanguka au baada tu.

Johnson alikuwa na bahati ya kuugua akiwa hatua chache kutoka kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo. Alirejea katika Seneti Septemba 5, 2007, usemi wake ukiwa mzito na upande wake wa kulia ukiwa dhaifu, akachaguliwa tena mwaka uliofuata na kuhudumu hadi alipostaafu Januari 2015. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 77. Kiti chake kilichukuliwa na Mike Rounds, safari hii kwa kura za wananchi.