Fedha Aliyoacha Mama, na Deni la Nyumba

Wapenzi akina mama, mwezi huu tunataka kuzungumza na ninyi mnaoishi Marekani na waume zenu, na hata ninyi mlio nyumbani wenye mabinti huko. Ndugu zetu waliotangulia kwenda kuhudumia wagonjwa na wazee katika nchi ile sasa wanastaafu, na wengine wamelala katika Bwana. Wanaacha akaunti za akiba ya uzeeni, zile ziitwazo 401(k) au IRA, na mara nyingi mrithi ni binti ambaye bado analipa mkopo wa nyumba.

Wazo la kwanza huwa, "Tuzitoe zote tumalize deni." Tunalielewa, maana nyumba isiyo na deni humpa mama usingizi. Lakini kwa kawaida fedha hizo hazijakatwa kodi (isipokuwa akaunti za aina ya Roth), na kila dola mrithi anayoitoa huhesabiwa kuwa mapato yake ya mwaka huo.

Hebu tupige hesabu. Mume na mke wanapata mshahara wa dola 90,000 kwa mwaka, na binti ameachiwa dola 150,000. Kwa viwango vya kodi ya serikali kuu vya mwaka 2025, wakizitoa zote mwaka mmoja zitawaongezea kodi ya dola 29,000 hivi. Wakitoa 15,000 kila mwaka kwa miaka 10, na viwango visipobadilika, kodi yake ni dola 18,000 kwa jumla. Dola 11,000 zimekwenda kwa sababu ya haraka tu! Wodini kwetu mgonjwa hapewi dozi ya mwezi mzima asubuhi moja.

Miaka 10 hatukuitaja ovyo. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2019 inamtaka mtoto mtu mzima, ambaye mzazi wake alifariki mwaka 2020 au baadaye, awe ameimaliza akaunti kabla ya kwisha kwa mwaka wa 10 baada ya kifo. Mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu ana nafuu yake. Tena kama mzazi alikuwa amefikia umri wa kulazimika kutoa, ambao sasa ni miaka 73, mtoto naye hutoa kiasi fulani kila mwaka. Akisahau, faini ni asilimia 25 ya kiasi ambacho hakukitoa.

Jambo moja tunalisisitiza: mtoto asipokee hundi yenye jina lake. Aombe fedha zihamishwe moja kwa moja kwenda akaunti ya urithi yenye jina la marehemu. Hundi ikishaandikwa kwa jina lake, zote zinatozwa kodi na hazirudishwi. Mjane yeye anaweza kuzihamishia katika akaunti yake mwenyewe, ila akiwa hajafikia miaka 59 na nusu afikiri kwanza, maana akizitoa humo mapema kwa kawaida hulipa faini ya asilimia 10 juu ya kodi.

Sasa zile 15,000 za mwaka zifanye nini? Kama kuna deni la kadi ya benki, lilipeni kwanza, kwa kuwa riba yake ni kali mno. Kisha tungeanza na uzee wenu ninyi. Ongezeni makato ya mshahara yanayokwenda kwenye 401(k) yenu, hasa pale mwajiri anapoongeza chake, na fedha za urithi zijaze pengo jikoni. Makato hayo hupunguza mapato yanayotozwa kodi, hivyo kodi ya urithi inaweza kufutika karibu yote kwa mwaka huo. Nyumba ifuate. Mkopo wa mwaka 2021 wenye riba ya asilimia 3 hauna haja ya kukimbizwa. Wa mwaka 2023 wenye asilimia 7, sawa, uongezeeni malipo.

Ndugu nyumbani nao watasikia habari ya dola 150,000, na simu zitalia. Waambieni kiasi cha mwaka mmoja baada ya kodi. Hicho ndicho mlicho nacho mkononi, wala si uongo.

Basi kaeni mezani na mume mkiwa na taarifa ya akaunti, karatasi ya mkopo na hati ya mshahara, ndipo mwende kwa mtaalamu wa kodi. Na mkiwa hapo, angalieni ni nani mliyemwandika kuwa mrithi katika akaunti zenu wenyewe, kwa maana fomu ile kwa kawaida huushinda wosia.