Kumwuguza Mwenye Maradhi ya Ini

Ini huweza kusinyaa na kujaa makovu, maradhi ambayo madaktari huyaita sirosisi, kabla mwenyewe hajahisi lo lote. Yakidhihirika, majirani hunong'ona kwamba mgonjwa alikuwa mlevi. Twawasihi wasomaji wetu waiache dhana hiyo. Pombe huliharibu ini, ndiyo. Lakini virusi vya homa ya ini, B na C, huliharibu pia, na wengi wenye B waliambukizwa wangali watoto wachanga.

Watu wa nyumbani wayaangalie mambo matatu.

Kwanza, maji ya tumbo na miguu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, kisichojaa, pamoja na ile iliyomo katika mkate, ng'onda aepukwe. Lakini mgonjwa asinyimwe samaki wabichi, mayai wala maharagwe, kwani mwili wake wakonda; tena ale kidogo kabla ya kulala. Tumbo lenye maji likiuma, au akishikwa na homa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Pili, damu. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje kupambazuke.

Tatu, akili. Mzee alala mchana na kukesha usiku, asahau jina la mwanawe, na mikono yapigapiga akiinyosha. Hapo wako wasemao amepandwa na jini. Sivyo: ini limeshindwa kuisafisha damu, na sumu imefika ubongoni. Mara nyingi chanzo ni kufunga choo, uambukizo au kuvuja damu. Dawa ya laktulosi humpatisha choo laini mara mbili au tatu kwa siku; msidhani ni kuharisha mkaikatiza. Dua tusiiache, ila na isomwe njiani kuelekea hospitali.

Asipewe diklofenaki, ibuprofeni, dawa za usingizi wala mitishamba pasipo shauri la daktari.

Ramadhani ikikaribia, amwulize daktari mapema. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Basi asione haya kuipokea, wala jamaa wasimwonyeshe uso wa lawama.

Na ikiwa chanzo ni virusi vya B, wote wa nyumba hiyo wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.