TAHARIRI: Miwani ya Jirani

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika madrasa yetu alikuwepo kijana wa miaka 11 ambaye kila akisoma aliinamia msahafu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Mwalimu wake, naye ndiye anayeandika maneno haya, alimkemea kwa uvivu na utovu wa adabu kwa zaidi ya mwaka mzima. Kisha klabu ya Lions ya mji wetu ikaja katika shule ya msingi iliyo jirani na msikiti, ikapima macho ya watoto wote bila malipo na bila kumuuliza mtu dini yake. Ikabainika kuwa macho ya kijana yule hayaoni vyema ila kilicho karibu kabisa. Akapewa miwani, na wiki ile ile akasoma akiwa ameketi wima. Tuliyemwita mvivu hakuwa mvivu. Wavivu tulikuwa sisi, kwani hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anaona nini.

Baada ya Swala ya Ijumaa maneno yakawa mengi. Mzee mmoja tunayemheshimu alinishika mkono akasema, "Ustadhi, hawa watu wana lao jambo." Nilimjibu, "Mzee wangu, huenda wanalo, lakini la kijana huyu sisi tulikuwa nalo mwaka mzima."

Shaka ya mzee haikuzuka hivi hivi. Wapo wanazuoni, Makka na Misri, waliowaonya Waislamu wasijiunge na klabu za Lions na Rotary kwa kuzihusisha na Umasoni, jambo ambalo klabu zenyewe hulikanusha. Suala la uanachama lina wanaostahiki kulitolea fatwa, nasi hatuliingilii. Lakini kujiunga ni jambo moja, na kushirikiana katika tendo la heri lililo wazi ni jambo jingine. Wasomaji wa Sira wanaifahamu Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid alidhulumiwa haki yake Makka, na baadhi ya koo za Kureshi zikakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama pamoja na mwenye kudhulumiwa yeyote. Walioapa walikuwa washirikina, na Mtume (S.A.W.) alihudhuria akiwa kijana, kabla ya Utume. Baadaye, Uislamu ulipokwisha kuja, alieleza kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale angeitika.

Tutazame basi kazi yao inavyofanyika. Klabu za Lions zilianzishwa Chicago mwaka 1917 na Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi, alisimama mbele ya mkutano wao akawataka wawe watetezi wa vipofu, nao wameshikilia ahadi hiyo mpaka leo. Mwaka 1990 walianzisha mpango mkubwa wa kupambana na upofu unaozuilika: mtoto wa jicho, trakoma, usubi. Huko Marekani huweka masanduku mahali pa watu wengi, mtu akatia miwani asiyoihitaji tena, ikasafishwa, ikapimwa nguvu yake na kusafirishwa mpaka nchi ambazo miwani ni anasa. Rotary nao, katika miradi yao mikubwa, hutaka klabu ya mahali penye shida ishirikiane na klabu ya nchi nyingine. Wenyeji huchunguza haja, wageni huchangia, na fedha ikishatumika ripoti huandikwa. Ni wapi katika haya palipo na siri?

Ubaya wa shaka isiyochunguzwa tumeushuhudia. Mwaka 1985 Rotary walijifunga kuchangia chanjo ya polio ulimwenguni, na mwaka 1988 mashirika ya kimataifa yakaungana nao, wakati ugonjwa huo ukipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Mwaka 2003 viongozi wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, walisimamisha chanjo kwa madai kwamba imetiwa vitu vya kuzuia uzazi wa Waislamu. Ilirejeshwa mwaka 2004, baada ya kupatikana chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Lakini virusi vilikuwa vimekwisha kusafiri. Mwaka 2005 watoto kwa mamia walipooza Yemen, na pia katika Indonesia hiyo hiyo, iliyokuwa imekaa miaka 10 bila mgonjwa. Waliolipa gharama ya shaka ile walikuwa watoto wa Waislamu. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio mwezi Agosti 2020, na bado vikaingia Malawi na Msumbiji kutoka Pakistan, vikagunduliwa mwaka 2022.

Hatuandiki haya ili kuwapamba watu wa klabu. Wana karamu zao na kupigana picha kwao, na wengine hupenda beji kuliko kazi (sisi nasi tunao wapendao kanzu kuliko swafu ya mbele). Lakini mwanachama wao hulipa ada, huhudhuria vikao na huulizwa amefanya nini. Kamati zetu za misikiti hukusanya sadaka kila Ijumaa, na ni ngapi zinazoweza kutaja majina ya mayatima wa mtaa wao, au vikongwe wasioona, au mtoto aliyeacha chuo kwa sababu ambayo hakuna aliyeiuliza?

Klabu ile imetuarifu kuwa itarudi baada ya mfungo, safari hii kwa ajili ya wazee wenye mtoto wa jicho. Wanahitaji ukumbi, maji, na watu wa kuwashika wazee mkono. Ukumbi wa madrasa upo na kisima kipo. Tunaiomba kamati ilijadili ombi hili katika kikao chake kijacho, na itoe jibu kwa maandishi.

Wabillahi Tawfiq.