Tamasha la katuni, katuni ziko wapi?

Nilikwenda San Diego kutafuta vitabu vya katuni, nikakuta foleni ya sinema. Jamani! Comic-Con ilianza mwaka 1970 hotelini, na watu wapatao 300 tu, wapenzi wa kusoma. Leo inapokea zaidi ya 130,000, na vijana wanalala nje usiku kucha ili waingie Ukumbi H, wenye viti kama 6,500, waonjeshwe dakika chache za filamu ambayo haijatoka.

Sina ugomvi na mavazi; yule bibi mzee aliyevaa kama Wonder Woman alinikosha kabisa. Ugomvi wangu ni huu: kwenye meza za wachoraji nilipiga soga na mchoraji mmoja karibu nusu saa, asitokee hata mteja mmoja. Na wale mashujaa wanaoshangiliwa ukumbini walizaliwa wapi, kama si kwenye karatasi, mikononi mwa watu kama yeye?

Mtaniambia filamu ndizo zinazoleta wasomaji. Haya, mbona pale mezani sikuwaona? Mwacha asili ni mtumwa. Ukienda, anzia kwa wachoraji, ununue kitabu. Sinema itakufuata hadi nyumbani.